Nafasi Iliyoachwa Juu ya Majina

Salome alinipigia simu Jumanne asubuhi, mimi nikiwa barazani nachambua mchele. Sauti yake sikuwa nimeisikia tangu msiba wa mumewe, na kabla ya hapo sijui tangu lini, maana mimi na Salome tumekuwa watu wa kukutana misibani. "Zuhura," akasema, "tumekumbukwa!" Nikamuuliza tumekumbukwa na nani, Israili mtoa roho? Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia wakubwa wameamua kuwaenzi vijana wa kujitolea wa zama za Ujamaa, wale tuliobaki hai, Jumamosi ukumbini, hapa hapa Tabora mjini. Kutakuwa na hotuba, vyeti na pilau. Nikamwambia pilau mimi najipikia. Lakini binadamu tuna mambo! Jumamosi saa tatu nilikuwa nimeshaoga, nimejitanda mtandio wangu wa Idi, nalalamika bodaboda inachelewa.

Mlangoni pa ukumbi palikuwa na meza, na nyuma ya meza binti wa miaka kama ishirini, amevaa fulana mpya ya njano. Akaniamkia vizuri, nikaitikia. Akaniambia kwa fahari kwamba naye ni kijana wa kujitolea, wa mpango huu wa siku hizi, yuko mwezi wa nne. Nikamwangalia macho yake yanavyong'aa, nikajiona mimi. Kisha akanisogezea karatasi na kalamu. "Bibi, andika jina lako hapa, na saini pembeni." Ilikuwa karatasi nyeupe, imepigwa mistari kwa rula, majina ya wenzangu kama kumi yameshaandikwa, la Salome la tatu. Juu ya majina paliachwa nafasi tupu, kiasi cha kiganja cha mkono. Nikashika kalamu. Mkono ukagoma. Nyuma yangu watu wakaanza kukohoa vile vikohozi vya kusukumana, na mimi nimesimama pale kama mti.

Habari za baba na mama na ukoo wetu wa mafundi seremala nitaziacha, hazina kazi hapa. Itoshe kusema kwamba mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, na nilikuwa naamini. Siku hizi ukisema hivyo vijana wanakucheka, lakini sisi tuliamini kwelikweli, kwa nia ile ile ya mtu anayefunga Ramadhani. Mpango ulikuwa wa mwaka mmoja: unapelekwa kijijini, unalala kwa wanakijiji, unakula wanachokula, unalima nao asubuhi na jioni unawafundisha kusoma na kuandika. Ukimaliza mwaka, umekuwa raia kamili. Neno hilo, raia kamili, lilikuwa la Bwana Lameck, kiongozi wetu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, sauti yake ya chini, na alikuwa na tabia moja iliyotumaliza: alikumbuka jina la kila mmoja wetu tangu siku ya kwanza. Siku tuliyofika kambini alichukua ndoo akaenda kuchota maji mwenyewe, viongozi wengine wameketi. Je, nilimpenda? Uzeeni sitaki kusema uongo. Nilimwamini, na kwa msichana wa miaka kumi na tisa mambo hayo mawili hukaa chumba kimoja.

Mimi na Salome tulipangwa pamoja, kijiji kimoja kabla hujafika Ziba. Kijiji ni neno la kwenye ripoti. Zilikuwa nyumba zilizotawanyika, hii hapa, nyingine ng'ambo ya mbuga, kila mtu na mashamba yake ya mtama na pamba na ng'ombe wake. Kando yake ilipita njia iliyozama chini kidogo kuliko ardhi ya pembeni, na wenyeji walisema ni njia ya wapagazi, tawi la ile ya misafara lililopanda kaskazini kwenda ziwani, miguu ya watu ndiyo iliyoichimba. Tulikaribishwa na mjane mmoja wa Kinyamwezi, wote wakimwita Mayu Kabula, yaani mama yake Kabula, bintiye aliyeolewa mbali. Alitupa chumba cha nyuma, palipokuwa na kihenge cha mtama na kitanda kimoja cha kamba. Tulilala wawili kitandani, na mvunguni akalala kuku wa Mayu Kabula aliyekuwa akiatamia, tena ukikohoa anakugombeza. Mpaka leo nikinusa mtama mkavu nakikumbuka chumba kile, na pumzi ya Salome shingoni mwangu, na jinsi tulivyokuwa tukinong'ona kuhusu tutakavyokuwa walimu, shule moja, nyumba jirani.

Asubuhi tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, na karanga. Jioni ugali wa mtama na mlenda, siku njema na maziwa ya mgando. Ugali nilikuwa siuwezi. Mayu Kabula alikaa kwenye kigoda akiniangalia, kisha akawaambia majirani nikiwa nasikia, "Huyu binti wa mjini hasongi ugali, anaubembeleza ulale." Kijiji kizima kikaniita Bembeleza mwezi mzima. Lakini nilipougua malaria ni yeye aliyenilisha uji kwa mkono wake siku nne, akiniita mwanangu. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi la mumewe, na mbele kidogo kaburi la babu yake huyo mume. Siku moja akanionyesha. "Huyu mzee alibeba pembe mpaka pwani na kurudi," akasema. "Mara ya pili walipokuja kumchukua akajificha. Alipotoka akajenga hapa hapa, pembeni ya njia yenyewe, akasema: hapa ndipo nilipotua mzigo, na hapa hakuna atakayenitoa. Mume wangu alisema hivyo hivyo. Na mimi nasema hivyo." Nilimwambia, "Nani atakutoa, mayu?" Akainama akang'oa majani juu ya kaburi.

Jibu nililipata adhuhuri moja tunamenya karanga. Walikuwepo majirani wawili, na Mzee Shija, balozi wa nyumba kumi, ambaye kupita bila kukaa hakujua. Wakaanza kusimuliana habari ya mwaka uliotangulia, kabla hatujaja. Wakubwa walikuja na karatasi na kile kibati cha wino, wakitaka kila mtu aweke dole gumba kwamba anakubali kwa hiari yake kuhamia kijiji kipya, kule kando ya barabara ya Igunga. "Nikasimama," alisema Mzee Shija, na kweli akasimama, karanga zikamwagika. "Nikasema: Wakubwa zetu, sisi hatujui kusoma. Asiyejua kusoma atakubalije asichokijua? Mtakwenda kusema tumekubali, kumbe tumeweka dole tu kama watu waliokamatwa. Tuleteeni walimu kwanza. Tukishajua kusoma, jibu tutawapa." Mayu Kabula akadakia, "Wakatazamana! Wakafunga kibati chao wakaenda." "Na kusoma kwenyewe," akamalizia Mzee Shija, "kwa vichwa hivi, si miaka kumi? Nani atakuwa hai?" Jamani, tulicheka. Tulicheka mpaka Mayu Kabula akajifuta machozi kwa kanga. Niliona ni ujanja mtamu kuliko yote niliyowahi kusikia. Wala sikuona kwamba walimu wenyewe walioletwa ni sisi.

Jumamosi ya wiki hiyo tulikuwa na kikao kambini, vijana wote na Bwana Lameck, na baada ya kikao chai na soga. Mimi nilikuwa na sifa ya kuigiza watu. Nikasimama, nikamwigiza Mzee Shija, fimbo, sauti ya puani, na kile kidole cha kuwanyooshea wakubwa. Watu walivunjika mbavu. Bwana Lameck alicheka kuliko wote, kisha akasema taratibu, "Hebu rudia, Zuhura. Mzee kasema wakijua kusoma watafanya nini?" Nikarudia, tena kwa mbwembwe zaidi, nimefurahi kwamba ameniomba mimi. Yarabi nisamehe. Mdomo uliponza kichwa, lakini kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu.

Tulifundishia katika ghala la pamba la ushirika, wanafunzi thelathini na kitu, akina mama wengi zaidi. Pamba ilitunasa nywele, tukitoka tunaonekana tumezeeka sote. Nilianza na majina, kwa sababu niliamini mtu akiliona jina lake limeandikwa hatakimbia darasa. Mayu Kabula alipoulizwa jina akasema, "Mayu Kabula." Nikamwambia, hilo ni la mtoto, nataka lako. Akatazama chini, majirani wakaguna. "Minza," akasema. Tangu aolewe hakuna aliyemwita hivyo. Alilifanyia kazi jina hilo miezi mitatu. Aliliandika mavumbini akisubiri ng'ombe, aliliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, akalifuta, akaliandika tena. Herufi ya z ilimsumbua, iligeuka ikatazama nyuma, naye akaitukana kwa Kinyamwezi. Siku ilipomtii aliniita kutoka shambani. "Njoo umwone Minza," akasema.

Baada ya mavuno Bwana Lameck alikuja mwenyewe na karatasi kubwa nyeupe. Alitaka mtihani wa majina. Kila mwanafunzi aandike jina lake kwa wino, mbele ya watu, na karatasi ipelekwe wilayani waone kazi yetu. Akaniambia, "Piga mistari kwa rula, iwe safi. Juu acha nafasi ya kiganja kimoja. Kichwa tutaweka baadaye, Salome ana mwandiko mzuri." Nikapiga mistari. Niliipiga vizuri, sijapata kupiga mistari mizuri kama ile. Siku ya mtihani walikuja wamejipaka mafuta, wamevaa nguo za sikukuu. Mzee Shija aliandika jina lake likatoka nje ya mstari, akapigiwa vigelegele. Mayu Kabula akaishika kalamu kama mtu anayetoa mwiba mguuni, ulimi nje, akaandika MINZA, herufi zote zimesimama sawa. Kisha, kabla hajaniachia karatasi, akaweka kidole pale juu, peupe. "Hapa kutaandikwa nini, mwanangu?" Nikamjibu, "Kwamba mmejua kusoma na kuandika, mayu." Akaridhika. Kwa nini asiridhike? Nilimjibu mimi, niliyekula kwake kila siku.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, malori matatu yaliingia kwa ile njia ya wapagazi. Alishuka Bwana Lameck, akashuka ofisa mmoja mnene nisiyemjua, na wanamgambo. Ofisa akatangaza kwamba wanakijiji wameitikia wito na leo ndiyo siku ya kuhamia barabarani. Ikawa kelele. Mzee Shija akapiga fimbo chini, akisema hakuna aliyekubali kitu. Ofisa hakugombana naye, akafungua tu mkoba na kuinua karatasi yangu. Naijua mistari yangu. "Nani anasema hakukubali? Si mmesaini wenyewe, kwa mikono yenu?" Mzee Shija akasema hayo si maandishi yake. Watu wakaanza kuguna, nami nikaona wangeweza kukataa wote, kelele ingekuwa kubwa, pengine malori yangerudi. Mayu Kabula akapita katikati yao. "Nipe nione," akamwambia ofisa. Akaipitia karatasi kwa kidole, jina kwa jina, taratibu, mpaka kidole kikasimama. "Hili ni langu," akasema. "Usikatae, Shija. Tuliandika." Hakuweza kulikana jina lile, miezi mitatu alilihangaikia. Kisha akaniletea mimi karatasi, maana darasa letu lilikuwa halijavuka majina, na sentensi ndefu alikuwa bado haziwezi. "Nisomee hapa juu."

Nilisoma. Sikuwa na njia. *Sisi tuliotia sahihi hapa chini, ambao sasa tunajua kusoma na kuandika kama tulivyoomba wenyewe, tunakubali kwa hiari yetu kuhama makazi yetu ya zamani.* Kama tulivyoomba wenyewe! Ule mchezo wangu wa chai na soga ulikuwa umeandikwa pale, kwa wino. Na mwandiko ulikuwa wa Salome, zile h zake zenye mkia, nisingeweza kuukosea. Nilipoinua macho Salome alikuwa akiangalia viatu vyake. Mayu Kabula akasema kwa upole, "Kumbe ndiyo waliyoyaandika, Mwalimu." Miezi yote ile nilikuwa mwanangu. Akaingia ndani. Alitoka na mafiga yake matatu ya jikoni, yamefungwa kwenye kanga, akapanda lori bila kusaidiwa. Vitu vingine tulimpakilia sisi vijana, tukijitolea. Alipokuwa juu ya lori wanamgambo waling'oa paa la nyumba yake ili asirudi, yeye akitazama upande wa makaburi.

Nilimfuata Bwana Lameck kwenye lori la mbele. Nilimwambia, "Umenitumia!" Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Zuhura," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "hawa watu wangehama tu, kwa karatasi au bila karatasi. Kwingine wamehamishwa kwa nguvu, nyumba zimechomwa. Hapa hakuna aliyeguswa. Huoni kwamba umewasaidia? Watapata shule, zahanati, bomba la maji." Sitasema hakuna kilichopatikana. Shule ilijengwa. Zahanati nayo, baadaye sana. Lakini msimu ule wa mvua ulimkuta Mayu Kabula kwenye kibanda cha nyasi kando ya barabara, mashamba yake yako mwendo wa nusu siku, na nilipokwenda kumwamkia aliitikia marahaba vizuri tu, akanipa kigoda nikae, akaendelea na kazi yake. Hakunitukana hata siku moja. Ningepona kama angenitukana.

Na Salome? Jioni ile nilimuuliza alijua tangu lini. "Tangu siku aliponipa maneno ya kuandika," akasema. "Niliambiwa niandike, nikaandika. Ungekataa wewe?" Wiki mbili! Wiki mbili tulilala kitanda kimoja cha kamba, kwenye nyumba ya mwanamke yule, tunakula matobolwa yake, na yeye anajua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi methali hiyo nilikuwa naisema darasani bila kujua ladha yake. Nikamwambia ningekataa. Mpaka leo nadai kwamba ningekataa. Lakini mwaka ulipokwisha Bwana Lameck aliniandikia barua ya sifa kemkem, mwalimu hodari, raia kamili, na kwa barua hiyo nikapata nafasi ya chuo cha ualimu. Sikuichana. Niliikunja nikaiweka kwenye begi, nikaondoka nayo. Siku ya kuondoka nilikwenda kuaga, Mayu Kabula akanishika mkono. "Nenda salama, Mwalimu," akasema. Basi. Miaka mitano baadaye nilisikia amefariki, na kwamba alizikwa kule barabarani, si pembeni ya mumewe.

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, darasa la kwanza karibu muda wote. Wenzangu walinicheka kwamba nina wazimu wa vichwa vya habari, kwa sababu sikumruhusu mtoto aandike jina lake kwenye karatasi kabla hajaandika juu, kwa mkono wake, karatasi ni ya nini. Sikumweleza mtu sababu. Ningeanzia wapi? Ningelazimika kueleza na ile barua.

Basi pale mlangoni pa ukumbi nilimuuliza yule binti wa fulana ya njano, "Mwanangu, hapa juu kutaandikwa nini?" Akatabasamu. "Aa, ni ya mahudhurio tu, bibi. Kichwa tutaweka baadaye." Hakuwa na kosa, mtoto wa watu. Alikuwa anarudia alichoambiwa, kama nilivyorudia mimi. Nikamuuliza nani kamwambia, akasema kiongozi wao, mtu mzuri sana, anawajua wote kwa majina. Wakati huo Salome akatoka ndani kunitafuta, mzee na fimbo, cheti chake tayari mkononi, kimewekwa kwenye fremu. "Zuhura, saini basi, mwenzangu, pilau inapoa! Bila kusaini hawakupi cheti." Akafika mezani, akaiona karatasi, akaniona mimi, akaona kidole changu kimesimama pale peupe.

Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia yule binti, kwa sauti ambayo kila aliyekuwa nyuma yangu aliisikia, "Nisamehe, mwanangu. Mimi sijui kusoma."

Binti akacheka, akadhani namtania. Salome hakucheka.